MAUA YETU YASINGOJE KIANGAZI CHA ULAYA

Na mwanafunzi wa Kidato cha 3

Kila mwaka siku ya wazazi inapokaribia, shule nyingi za huku kwetu Meru na Embu hushikwa na homa ya maua. Mawe ya kando ya njia hupakwa chokaa, nyasi hufyekwa, na miche yenye rangi za kupendeza hununuliwa kwa wauzaji wa kando ya barabara. Wageni hufika, husifu, hula wali na kwenda zao. Baada ya mwezi mmoja na nusu, ukipita pale pale, utakuta vijiti vikavu vimesimama kama kuni za kuwashia moto. Fedha zimekwenda, maji yamekwenda, na jasho la wanafunzi limekwenda vilevile.

Basi katika makala haya nataka nitoe maoni yangu bila kuficha. Mimi sisemi maua yang'olewe. La hasha! Nasema tunachagua maua vibaya, tunayapanda wakati usiofaa, na tunayatunza kwa njia inayowafanya wanafunzi wayachukie. Yote matatu yanaweza kurekebishwa, na bila gharama kubwa.

Tuanze na neno lenyewe, kiangazi. Pakiti nyingi za mbegu za maua zinazouzwa madukani huandikwa kwa ajili ya watu wa Ulaya. Zinasema mbegu hizi zipandwe majira ya kuchipua na zitachanua majira ya joto. Mwanafunzi akiuliza majira ya joto ni nini, anaambiwa ni kiangazi. Hapo ndipo mkorogo unapoanza, manake kiangazi chao na kiangazi chetu ni vitu viwili tofauti kabisa.

Kule London, mwezi wa Juni, mchana huwa mrefu kupita saa 16, na mwezi wa Desemba mchana haufiki saa 8. Kwa hiyo mimea yao hulala wakati wa baridi, halafu jua refu likirudi, kila kitu huchanua kwa pamoja kama kwamba kengele imepigwa. Sisi je? Mstari wa ikweta unapita hapa hapa kwetu. Kibao chake kipo Nanyuki, na ukitoka Embu kwenda Meru mjini unaukatiza. Mchana wetu ni kama saa 12 mwaka mzima, iwe Januari au Julai. Kinachoiamrisha mimea yetu ichanue au inyauke si urefu wa mchana. Ni mvua.

Nasi tuna mvua mbili: zile za Machi hadi Mei, na zile za Oktoba hadi Desemba. Katikati kuna ule ukungu na baridi ya Juni hadi Agosti ambayo kila mwanafunzi wa kutwa anaijua vizuri, kwa sababu hutembea ndani yake alfajiri. Halafu huja Januari na Februari, jua kali, vumbi, na mito kupungua. Hicho ndicho kiangazi chetu. Kwa Mzungu kiangazi ni sikukuu ya maua, lakini kwetu ni mtihani wa maua. Anayepanda kwa kufuata pakiti ya Ulaya ni kama mtu anayevaa saa ya London halafu anashangaa kwa nini amechelewa gwaride la asubuhi Runyenjes.

Hebu sasa tupige hesabu kidogo, na walimu wa Hisabati wanisahihishe nikipotoka. Tuchukue shule yenye miche 60 ya maua yanayotaka maji kila siku. Kila mche upewe lita 1 jioni. Hizo ni lita 60, yaani mitungi 3 ya lita 20. Kwa siku 5 za masomo ni mitungi 15. Majuma 8 ya Januari na Februari yatakula mitungi 120, ambayo ni lita 2,400. Na maji hayo yanatoka wapi? Shule nyingi za kutwa hutegemea tangi la kuvuna mvua ya paa. Tangi likikauka, wanafunzi huenda mtoni au kwenye bomba la soko. Katika upande wa Mbeere, Siakago na Ishiara kwa mfano, maji ni ya kutafutwa mbali na tena kwa foleni. Ukame wa kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi 2022, mvua zilipokataa msimu baada ya msimu, ulitufundisha sote kwamba tone la maji si la kuchezea. Sasa niambie, ndugu msomaji, ni haki mwanafunzi akose maji ya kunawa mikono akitoka msalani, ilhali petunia iko shibe?

Hapa nitagusa jambo ambalo wenzangu wengi hulisema chini kwa chini lakini hawaliandiki. Katika shule nyingi kumwagilia maua ni adhabu. Umechelewa? Mitungi miwili. Umezungumza lugha ya mama siku ya Kiingereza? Mitungi mitatu. Wanaochelewa zaidi ni sisi wa kutwa, tunaotoka mbali kwa miguu na kuvuka mito ambayo ikifurika haina huruma na mtu. Kwa hiyo mgongo unaobeba maji ya maua ni ule ule uliokwisha kuchoka na safari. Matokeo yake ni nini? Mwanafunzi humwaga maji kwenye shina moja, akatupa mengine nyasini, akakimbilia darasani. Ua halikui, na moyo wa kupenda ua haukui vilevile. Ukimpa mtoto ua kama adhabu, akiwa mtu mzima atalifyeka ajenge kibanda.

Najua mwalimu wa nidhamu atasema, "Kijana, ukiondoa adhabu hiyo utaleta nini?" Kwa heshima zote, mwalimu, zipo kazi nyingine. Kazi ya bustani iwe ya zamu kwa kila darasa, wavulana kwa wasichana, wa mapema kwa wa kuchelewa, na iwe heshima. Tena wavulana wenzangu waache ile tabia ya kusema ati maua ni kazi ya wasichana. Mashambani mwa maua kule Timau wanaume kwa wanawake wanafanya kazi bega kwa bega, na mshahara haumwulizi mtu jinsia yake.

Haya, tukubaliane kwamba maua yanatakiwa. Tuchague yapi? Wahenga hawakukosea waliposema usiache mbachao kwa msala upitao. Sisi tunakimbilia maua ya pakiti kutoka ng'ambo na kumbe ng'ambo wanapanda ya kwetu! Hii si hadithi ya kujitapa. Lipo ua moja laini, lenye rangi nyekundu, waridi, nyeupe au zambarau, linaloitwa impashensi. Huko Uingereza na Marekani wamelipanda kwa miaka mingi kwenye vyungu vya barazani na kando za bustani, na ni miongoni mwa maua yao maarufu kabisa ya majira ya joto. Asili yake ni Afrika Mashariki. Mnamo 1882 mtaalamu mmoja wa mimea wa Uingereza alilipa jina la kisayansi la kumheshimu Sultani wa Zanzibar, kwa kuwa lilitokea pande hizo. Yaani ua la baraza la Mwingereza liliwahi kupewa jina la Sultani wa Unguja, halafu sisi jirani zake tunalinunua likiwa limerudi ndani ya pakiti.

Si hilo peke yake. Ile urujuani ya Afrika inayowekwa madirishani duniani kote ilipelekwa Ulaya kutoka milima ya Usambara, Tanzania, mnamo 1892 na ofisa Mjerumani aliyeitwa Walter von Saint Paul, na jamaa yake mwingine humea kwenye vilima vya Taita hapa Kenya. Ule mtambaazi wenye maua ya rangi ya chungwa na jicho jeusi katikati, unaoitwa thanbajia, ambao sisi tunaung'oa uani kama gugu, kwingine unauzwa kwa bei ukapandishwa kwenye nguzo za baraza. Pentasi, lenye vishada vya nyota ndogo ndogo nyekundu au za waridi, ambalo vipepeo hawabanduki kwake, ni la kwetu Afrika. Hata kule juu Mlima Kenya kunamea nifofia, lile ua refu kama mwenge, jekundu juu na manjano chini, ambalo watu wa nje wanaliweka katikati ya bustani kama mfalme.

Lakini tusije tukarukia kila kitu kwa sababu tu ni cha kwetu. Impashensi linapenda kivuli na unyevunyevu. Litafurahi kwenye ukanda wa majani chai, kama Kionyo au Kianjokoma, chini ya kivuli cha baraza. Ukilipeleka Ishiara kwenye jua la Februari, jioni utalikuta limelala kama mtu aliyezirai. Ndiyo maana nasema kuchagua ua ni kama kuchagua mbegu ya mahindi. Hakuna mkulima mwenye akili anayepanda mbegu ya nyanda za juu kule Mbeere. Kwa nini basi ua lipandwe popote?

Kwa shule za ukanda wa kahawa, kama zile za Nkubu na Runyenjes, tuna bahati. Jerania, pentasi, kana, agapanthasi na marigoldi zitastawi zikipandwa mvua zinapoanza. Marigoldi ina faida ya ziada, kwa kuwa mizizi yake huwapunguza wale minyoo wadogo wa udongoni wanaoshambulia mizizi ya nyanya na mboga. Kwa hiyo ukiizungushia bustani ya sukuma wiki na nyanya, umepata rangi na umepata mlinzi.

Kwa shule za ukanda mkavu, maua ya kiangazi yawe yale yanayokidharau kiangazi. La kwanza ni boganvilia. Hili asili yake ni Amerika ya Kusini, na lilipewa jina la nahodha Mfaransa, Louis-Antoine de Bougainville, aliyezunguka dunia kati ya 1766 na 1769. Kile kinachoonekana kama petali nyembamba za karatasi, nyekundu au zambarau, si petali bali ni majani yaliyogeuka rangi. Ua lenyewe ni kile kidudu cheupe kilicho katikati. Boganvilia ikishika mizizi, ukiimwagilia sana inaleta majani tu, lakini ukiiacha na kiu kidogo inachanua. La pili ni mshubiri, wenye mikuki ya maua mekundu ambayo chozi na ndege wengine wa asali huyafuata. La tatu ni plambago, lenye rangi ya mbingu. La nne ni potulaka, lile dogo linalotambaa na kufunguka jua likipanda, ambalo mkebe mmoja wa Kimbo unalitosha. La tano ni vinka, kutoka Madagaska, ambalo huchanua karibu mwaka mzima.

Na tusisahau mti wa muuti. Wazee wetu walipanda vipande vyake kwenye mipaka na boma la ng'ombe. Kiangazi kinapoukaza, hupukutisha majani yote, halafu matawi matupu huwaka maua mekundu kama makaa. Huo hauhitaji mtungi hata mmoja. Jakaranda nayo, ingawa ni mgeni kutoka Amerika ya Kusini, hutupa zambarau yake kabla ya mvua za vuli, njia nzima ikawa zulia. Mti mmoja uliopandwa leo utawapa kivuli watoto wa wadogo zetu.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote, yaani usalama. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Yapo maua tuliyozoea kuyaona mashuleni na majumbani ambayo ndani yana sumu. Thevetia, ule mti mdogo wenye maua ya njano kama tarumbeta, unapendwa sana kwa ua wa boma. Mbegu zake zina sumu inayovuruga mapigo ya moyo, na zinaweza kuua. Oleanda ni hivyo hivyo, kuanzia jani hadi shina. Yale maua makubwa yanayoning'inia kama kengele, brugmansia, yananukia jioni lakini kila sehemu yake ni sumu. Hata vinka niliyoisifu haifai kuliwa, ijapokuwa wanasayansi wamepata ndani yake dawa za vinblastini na vinkristini zinazotibu aina kadhaa za saratani, pamoja na saratani ya damu ya watoto. Dawa na sumu ni ndugu wa tumbo moja. Kinachowatenganisha ni kipimo na mkono wa daktari.

Shule nyingi za kutwa zimepakana na shule za msingi, na watoto wa chekechea hupita viwanjani mwetu wakienda nyumbani. Mtoto wa miaka minne hajui jina la kisayansi. Anaona tunda la kijani linalong'aa, analitia mdomoni. Je, tutamwambia mama yake nini? Kwamba lilipendeza siku ya wazazi? Mimi naona thevetia na oleanda zisiwe karibu na watoto kabisa. Vinka ipandwe ndani ya ua wa ofisi, si kando ya njia ya watoto.

Sumu nyingine ni ile ya kuenea. Lantana ililetwa kutoka Amerika ya joto kwa sababu ya maua yake ya rangi mchanganyiko. Leo imevamia malisho na misitu, na ng'ombe akiila sana ini lake huharibika na ngozi yake huungua juani. Gugu maji lililoonekana Ziwa Viktoria mwishoni mwa miaka ya 1980 lina ua zuri la zambarau, na uzuri huo ndio uliolifanya lisafirishwe kutoka Amerika ya Kusini hadi pembe nyingi za dunia. Wavuvi wa Kisumu wanajua gharama ya ua hilo. Laikipia, jirani zetu, wanapambana na mpungate uliopandwa zamani kama ua na pambo, ambao sasa miiba yake huwaumiza mbuzi midomo. Kwa hiyo kabla ya kuuliza, "Ua hili lina rangi gani?" tuulize, "Ua hili likitoroka litafika wapi?"

Nasikia sauti ya mwenzangu mmoja nyuma ya darasa akisema, "Maua hayaliwi. Pandeni sukuma wiki!" Hoja yake ina uzito, na sitaipuuza. Kuna wenzetu wanaokuja shule bila kunywa hata chai. Shule ikiwa na eneo moja tu lenye rutuba na maji, basi mboga zitangulie, nami nitakuwa wa kwanza kushika jembe. Lakini kusema maua hayaliwi si kweli yote. Pareto ni ua jeupe lenye moyo wa njano, na lilizisomesha familia nyingi za nyanda za juu za Kenya, Meru ikiwemo, wakati nchi yetu ilipokuwa ikiongoza duniani kwa zao hilo. Waridi za Timau zinapanda ndege kwenda Ulaya na kuleta fedha za kigeni. Nyuki wanaokula kwenye maua ya shule ndio hao hao wanaochavusha makadamia, maparachichi na maharagwe ya jirani zetu. Na asali ya Mbeere ni nini, kama si maua yaliyopita tumboni mwa nyuki?

Tazama pia tithonia, yale maua makubwa ya njano yaliyojaa kando ya barabara. Majani yake mabichi yana naitrojeni na fosforasi nyingi. Watafiti waliyajaribu katika mashamba ya Chuka na Embu kama mbolea ya kijani, na mkulima asiye na pesa za mbolea ya dukani anaweza kuyakata na kuyafukia. Ila yakatwe kabla ya kutoa mbegu, yasije yakatutawala. Maigoya nayo, yenye maua ya samawati, ni ua wa boma na ni kivundikio cha ndizi. Na wazee watakwambia majani yake laini yalifanya kazi gani chooni kabla ya karatasi kufika vijijini. Hiyo nayo ni sayansi, msicheke!

Fauka ya hayo, tumbo si kiungo pekee cha mwanadamu. Sisi wa kutwa hatuna bweni wala ukumbi wa kupumzikia. Saa ya mapumziko tunakaa kwenye vipande vya mawe vilivyo kando ya njia. Mtu aliyetoka nyumba yenye shida, akakaa mbele ya mstari wa pentasi na vipepeo wake, hupata nafuu kidogo, hata kama karo bado haijalipwa. Anayefikiri maskini haoni uzuri hajapita kijijini Meru au Embu. Angepita, angeona jerania ndani ya sufuria lililotoboka kwenye mlango wa nyumba ya udongo. Huku kwetu tuna hata mji mzima unaoitwa Maua, ingawa wengi wanaoenda kule wanatafuta miraa!

Basi napendekeza haya, na naomba yafike meza ya Mwalimu Mkuu.

Kwanza, tupande mvua zikianza, si wageni wakikaribia. Mwisho wa Machi na mwanzo wa Aprili ni wakati mzuri, kisha Oktoba. Mche uliopata mvua nzima huwa na mizizi ya kuvumilia likizo ya Agosti na jua la Januari. Siku ya wazazi itakuta maua, haitayaleta.

Pili, tusinunue kile tunachoweza kupewa. Boganvilia, jerania, plambago na mshubiri huzaliana kwa vipande au vichipukizi. Kila mwanafunzi wa kutwa akileta kimoja kutoka kwao, shule yenye wanafunzi 300 itapata miche 300 bila shilingi. Hapo ndipo sisi wa kutwa tunapowashinda wa bweni, kwa sababu tunatoka mabonde na vilima mbalimbali. Haba na haba hujaza kibaba. Ila mwalimu wa Kilimo aikague kwanza, isije sumu ikapita langoni.

Tatu, baraza zetu zipambwe kwa vyombo tulivyo navyo: mikebe, ndoo zilizopasuka, magurudumu makuukuu. Kila chombo kitobolewe chini, manake maji yakituama mizizi huoza na mbu hutaga. Udongo uwe sehemu 2 za udongo wa juu, sehemu 1 ya samadi iliyooza vizuri, na sehemu 1 ya mchanga. Samadi mbichi huchoma mizizi.

Nne, kando za njia zipangwe kwa akili: marefu nyuma, mafupi mbele, na meupe karibu na njia, kwa sababu meupe ndiyo yanayoonekana jioni giza likiingia, saa ambayo wa kutwa tunatoka. Chini yake tutandaze nyasi kavu ili unyevu usikimbie.

Tano, maji ya tangi yawe ya kunywa na kunawa. Maua yapewe maji yaliyonawiwa mikono na yale yaliyosuuza vyombo vya jikoni. Ua lisiloweza kuishi kwa hayo halifai kuwa mwanafunzi wa shule hii.

Sita na mwisho, adhabu ya mitungi ifutwe. Kila darasa lipewe mstari wake, na bango lenye jina la darasa lisimame pale. Mstari ukinyauka, aibu ni ya darasa zima, na aibu ya darasa hufanya kazi kuliko kiboko.

Wenzangu, najua wako watakaosema kijana huyu amekosa kazi, anaandika habari za maua wakati mtihani wa KCSE unatukodolea macho. Nami nawajibu hivi: kuchagua ua kwa kuangalia mvua, udongo, maji, sumu na mgongo wa anayelibeba ni Jiografia, ni Kilimo, ni Biolojia na ni Kiswahili kwa pamoja. Mtu asiyeweza kufikiri sawasawa juu ya ua la mlangoni pake, atafikirije juu ya msitu wa Mlima Kenya tutakapokabidhiwa sisi kuulinda?

Wino unaniishia na mhariri ananikonyeza. Mvua zijazo zikianza, tafadhali njoo shule na kipande cha ua kutoka kwenu, kimefungwa kwa jani la mgomba. Ukikosa kabisa, njoo na samadi. Alamsiki.